Doti Juu ya Doti: Historia ya Sanduku la Khanga, Kutoka Unguja Hadi Manzese



Kila msimu wa harusi swali hili hurudi: khanga zote hizi tuziweke wapi? Bibi harusi anatoka kwao na sanduku la mume, begi la mama, doti za mashangazi na makhalati, na vitenge vya shoga zake. Akiolewa hapa visiwani, huenda kuna kasha la bibi la kuzipokea. Akivuka bahari na kuolewa Dar es Salaam, mara nyingi anafikia chumba kimoja cha kupanga. Pale Manzese, kandokando ya Barabara ya Morogoro, chumba hicho kina kitanda, kabati, jiko la gesi na ndoo za maji. Khanga zinaishia kwenye shangazi kaja chini ya kitanda. Shangazi kaja moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne, na siku anayotafuta doti ya kwendea msibani haioni.

Leo hatutaanza na namna ya kukunja. Tutaanza na historia, kwani sanduku hili halikujaa kwa bahati mbaya wala kwa tamaa ya wanawake. Limejazwa na zaidi ya miaka mia moja ya mambo yaliyowapata mama zetu na bibi zetu. Ukijua lilijaaje, utajua kipi ukiweke na kipi ukitoe, na nafsi yako itatulia.

Doti ilikuwa fedha

Neno "doti" tunalitamka kila siku bila kulifikiria. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka pwani ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, nguo ndiyo iliyokuwa pesa ya safarini. Mikono minne ya nguo iliitwa shuka, na shuka mbili, yaani mikono minane, ikaitwa doti. Kwa doti watu walinunua chakula, walilipa wapagazi, na walitoa hongo kwa machifu ili wapite katika nchi zao. Mwenye majora ya nguo alikuwa na mtaji, kama leo mtu alivyo na akiba benki.

Nguo iliyotumika zaidi ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na meli za Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na nguo yao ikapata soko hadi ikabeba jina la nchi yao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipoharibu biashara ya pamba, viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Jina la merikani likabaki.

Kwa hiyo bibi zetu walipokunja nguo na kuifungia ndani ya kasha, walikuwa wanaweka akiba ya kitu ambacho kila mtu wa pwani na bara alijua thamani yake. Nguo iligawika, ilibebeka, na iliweza kuuzwa wakati wa shida. Mwanamke asiye na shamba wala nyumba bado aliweza kuwa na nguo.

Kutoka kaniki hadi khanga

Nguo pia ilieleza mtu ni nani. Katika Unguja ya utumwa, waliofanywa watumwa walivaa merikani nyeupe au kaniki, ile nguo nyeusi iliyotiwa rangi ya nili. Hariri, kilemba, viatu na ushungi vilikuwa vya wengine. Mtu alitambulika hadhi yake kabla hajafungua kinywa.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo ndipo ilipozaliwa leso, jina lililotokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Wazee husimulia kwamba wanawake walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakashona vitatu kwa vitatu na kupata pande moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo iliyochapwa ikiwa pande zima, na kwa kuwa baadhi ya nguo zile zilikuwa na madoadoa kama ndege kanga, jina la khanga likashika. Mombasa wanaendelea kusema leso hadi leo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuguswa na amri ile mpaka mwaka 1909. Bara, katika Tanganyika, sheria ya kuufuta utumwa kabisa ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika miaka hiyo wanawake walioachwa huru waliiweka kando kaniki na kununua khanga za rangi. Fikiria maana yake. Mwanamke ambaye mwili wake wenyewe ulikuwa ukihesabiwa mali ya mtu mwingine, sasa anaingia dukani, anachagua ua na rangi, analipa, na anajifunika kichwa kama mwanamke mwingine yeyote Mwislamu. Khanga ile ilikuwa mali yake na ilikuwa stara yake. Kuwa na doti ya pili na ya tatu kulikuwa ushahidi kwamba maisha ya zamani yamekwisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 khanga ikapata maandishi, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilifunguliwa mwaka 1887 na ambaye alama ya "Mali ya Abdulla" ilijulikana pwani nzima, ndiye anayetajwa sana katika mwanzo huo. Tangu hapo khanga ina sehemu zake tatu tunazozijua: pindo, mji na jina. Jina likampa mwanamke sababu nyingine ya kuweka khanga asiyoivaa. Moja aliihifadhi kwa ujumbe wake, nyingine kwa aliyempa, nyingine kwa siku atakayoihitaji kumjibu mtu bila kusema neno.

Kiwanda cha jirani

Kwa miaka mingi khanga zilichapwa mbali: India, Uholanzi, Uingereza, kisha Japani. Baada ya uhuru Tanzania ikaamua kuvaa nguo yake. Na hapa ndipo Manzese inapoingia katika historia hii.

Mwaka 1968 kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kando ya Barabara ya Morogoro pale Ubungo, mwendo mfupi tu kutoka Manzese. Pamba ya wakulima ilisokotwa pale, ikafumwa, ikachapwa, ikatoka khanga na vitenge. Jina limebaki hata barabarani: ukipanda mwendokasi kutoka Ubungo kwenda mjini, kituo cha Urafiki kinakuja kabla ya Manzese.

Manzese yenyewe ilikuwa inakua kwa kasi wakati huo. Watu kutoka mikoa mbalimbali, na kutoka visiwani pia, walijenga pale bila kusubiri ramani ya serikali, karibu na barabara kuu na karibu na kazi. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliiingiza Manzese katika mradi wa kuboresha makazi, wakati viwanja vipya vikipimwa Sinza na Kijitonyama. Kwa miaka mingi ilihesabiwa Kinondoni, na sasa iko katika Manispaa ya Ubungo. Nyumba nyingi zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na kila chumba familia yake. Katika chumba kama hicho, sanduku la bati chini ya kitanda ndilo lililokuwa kabati, benki na kumbukumbu ya mama wa nyumba.

Miaka ya foleni

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yalibadilika. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi, na viwanda vikakosa vipuri na rangi. Sukari, sabuni, mchele na nguo vikaadimika. Khanga iliyokuwa ikichapwa jirani ikawa bidhaa ya mgao, ikipitia RTC na maduka ya kaya, na mama akipanga foleni bila uhakika kwamba atafikiwa. Aliyepata doti aliikunja na kuiweka. Hakujua nyingine itakuja lini, na kulikuwa na mtoto wa kuzaliwa, binti wa kuozwa na msiba usiotoa taarifa.

Mwaka 1983 serikali, ikiongozwa katika jambo hili na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Bidhaa zilizofichwa zilitafutwa na kukamatwa, na watu wengine walitupa mali kwa hofu. Kwa muda, kuwa na vitu vingi ndani kukawa jambo la kuogopesha.

Wengi wa mama na bibi wanaotufunda leo walikuwa wasichana au wake wachanga miaka hiyo. Mama mkwe akikuona unataka kugawa khanga ambazo hazijafuliwa hata mara moja, akanyamaza au akabadilika uso, usimwite bahili. Alijifunza kwamba nguo inaweza kutoweka sokoni, na somo lile halijamtoka.

Ruksa, mitumba na sare

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Khanga na vitenge vikaja kutoka India na Dubai. Mitumba nayo ikamiminika, na Manzese ikawa mojawapo ya masoko yake mashuhuri. Viwanda vyetu vingi vya nguo vilishindwa kuhimili ushindani huo. Mwanamke aliyezoea kusubiri doti moja sasa alizungukwa na nguo za kila bei.

Lakini mazoea ya kuweka hayakuisha. Yakakutana na mambo mapya. Likaja dera, likaja na kijora. Zikaja khanga za kampeni za uchaguzi. Zaidi ya yote ikaja sare. Zamani harusi ilidai kisutu cha bibi harusi, mkaja wa mama yake, na khanga za kutuza. Leo kuna sare ya kumfunda mwari, sare ya kitchen party, sare ya send-off, sare ya ndoa, na upande wa mume nao wana yao. Kila shoga anayeolewa anaongeza pande mbili katika sanduku la kila rafiki yake. Nguo ile huvaliwa siku moja, na harusi nyingine haiwezi kuvaliwa kwa sababu ile ina sare yake.

Hapa ndipo penye jambo zito. Wapo dada zetu wanaokopa kwenye kikoba ili wasionekane peke yao bila sare. Anarudisha mkopo miezi mitatu kwa nguo aliyoivaa saa nne. Bibi yake aliweka nguo ili imwokoe siku ya shida, naye ameingia kwenye shida kwa sababu ya nguo. Sanduku kwa nje ni lile lile, lakini kazi yake imegeuka.

Dini yetu inatuelekeza nini

Kwanza, khanga za mwanamke ni mali yake. Mahari ni haki yake kwa aya ya 4 ya Suratun-Nisaa, na zawadi aliyopewa akaipokea ni yake pia. Ndoa ikivunjika kwa talaka ya mume, mume hana ruhusa ya kufungua sanduku na kuchukua alichotoa. Aya ya 20 ya sura hiyo hiyo inakataza hata kama alitoa mali nyingi sana. Bibi harusi, hakikisha tangu mwanzo inajulikana kipi katika sanduku ni sehemu ya mahari na kipi ni zawadi, kwa kuwa katika khului hesabu ya mahari inaweza kurudi mezani.

Pili, kuwa na nguo nzuri si dhambi. Aya ya 31 ya Suratul-A'raf inaamrisha pambo wakati wa ibada, na hapo hapo inakataza israfu. Nguo za kuvaa mwenyewe hazina zaka. Lakini kama umenunua majora ili uuze, hiyo ni biashara: ikifika nisabu na ukapita mwaka, inatolewa zaka asilimia 2.5. Wako wanawake wanaouza khanga nyumbani na wamelisahau hili. Muulize sheikh wako akupigie hesabu.

Tatu, sanduku la marehemu ni mirathi. Hili linavunja udugu katika nyumba nyingi. Mama anafariki, arobaini haijafika, binti mmoja ameshafungua sanduku na kuchagua doti nzuri, mwingine analia, wifi ananung'unika. Khanga zile, hata iwe moja, zinaingia katika mali iliyoachwa. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yao: mume, wazazi, watoto wa kiume na wa kike. Warithi watu wazima wakiridhiana kugawana kwa namna nyingine au kutoa sadaka, ni heri. Fungu la mtoto mdogo haligawiwi na mtu. Na kumbuka kwamba wasia wa kumpa mrithi mmoja hautimizwi bila ya wenzake kuridhia. Kama unataka binti yako apate kisutu chako, mpe ukiwa hai, akishike mkononi.

Sasa tulifungue sanduku

Kwa historia hiyo na mwongozo huo, kazi ya kupanga inakuwa nyepesi. Chagua siku ya jua, mimina kila kitu kitandani, na ugawe mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la kuvaa na kutumia: za ndani, za sala, za kutokea, za kubebea mtoto. Zikae juu, mahali pa kufikika. Khanga mpya iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi peke yake, isije ikachujia wenzake rangi, kisha ikatwe doti na kupindwa, kwani khanga isiyopindwa ndiyo inayorudi chini kila mara.

Fungu la pili ni la shughuli: doti chache za zawadi kwa mzazi, kwa bibi harusi na kwa msiba, pamoja na pande mbili safi kwa ajili ya uzazi wako. Hii ndiyo akiba halisi ya bibi zetu, na inafaa iwepo. Amua idadi, na ukitoa moja ndipo ununue nyingine.

Fungu la tatu ni la kumbukumbu: kisutu chako, khanga ya marehemu mama, ile iliyokupokelea mtoto wa kwanza. Andika kwenye karatasi ilitoka kwa nani na mwaka gani, uikunje nayo. Miaka ijayo karatasi hiyo itakuwa historia ya ukoo wenu. Zifukize udi, na uzianike mara mbili kwa mwaka baada ya masika na vuli, kwa sababu unyevu wa pwani huacha madoa yasiyotoka.

Fungu la nne ni la kutoka. Sare zilizovaliwa mara moja na zingali nzima, mpe mjane, mwanafunzi wa chuo cha Qur'ani, au mama aliyejifungua hana kitu. Aya ya 92 ya Suratu Aali Imran inatufundisha kutoa katika tunavyovipenda, basi usitoe zilizochanika peke yake. Zilizochakaa na vipande vilivyobaki kwa fundi cherehani vishonwe foronya, nepi, au shuka la viraka la mtoto. Kama una nyingi mpya, ziuze, na fedha yake ilipe deni la kikoba. Utakuwa umerudisha nguo katika kazi yake ya asili ya kumtoa mwanamke katika dhiki.

Kuhusu sare, tunawasihi mabibi harusi wetu: tangaza rangi badala ya nguo. Waambie wageni wavae khanga yoyote nyekundu waliyonayo, au ya kijani. Masanduku yatafunguliwa, khanga za miaka kumi zitatoka kwenye mwanga, ukumbi utapendeza, na hakuna dada atakayekaa nyumbani au kukopa kwa sababu ya harusi yako. Ndoa yenye wepesi ina baraka.

Tunamuomba Allah awarehemu bibi zetu waliotuwekea stara kwa jasho lao, atujaalie kushukuru tulichonacho, aondoe ugomvi katika nyumba zetu, na awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Aamin.